Kambi ya Leseni ya Manyamanyama

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamka na wazo. Wazo kubwa! Lingenijia mwaka jana nisingefeli mtihani wa leseni, na leo ningekuwa nesi kamili, siyo Clementi wa "bado anasubiri".

Wazo lenyewe: nisisome. Nifundishe! Anayefundisha hasahau. Nafungua kambi Bunda, hapa Manyamanyama, ya wahitimu wapya wa uuguzi wanaoelekea kwenye leseni. Kila mmoja atajisomea mada yake na kuja kuieleza mbele yangu. Wao wanahangaika, mimi nimekaa nasikiliza. Elimu inaingia yenyewe.

Mtu anaweza kuuliza, wamsikilizeje aliyefeli? Jamani, mtihani mimi nimeuona kwa macho, wao wameusikia tu. Na matokeo hayakuniambia nilianguka wapi. Yalisema nimefeli, basi. Nimejichunguza sana moyoni nikaamua ni zile hesabu za dripu. Upande wa vitendo niliwaka, hilo sina shaka nalo.

Bi Mwanaupe, mshonaji wa magauni, katupa chumba cha nyuma ya duka lake, kwa sharti kwamba mpwa wake naye afundishwe. Ameniita Mwalimu. Nimeitika kabla hajamaliza kutamka.

Jumanne, 5 Agosti

Wanafunzi wamefika. Watatu. Nilitegemea umati, lakini hata mahindi huanza na punje.

Benson: tulisoma chuo kimoja, yeye nyuma yangu. Analala macho wazi.

Esta: chuo hicho hicho. Kwao Bugwema. Anajitolea kwenye zahanati ya kijijini kwao, na mganga wa pale kamwambia wazi kwamba akipata leseni safari hii, kazi ni yake. Akikosa, wanaleta mwingine mwenye leseni. Baba yake hayupo, wadogo zake wanamtazama yeye. Anaandika kila ninachosema. Nimekohoa, akanyanyua kalamu.

Najat: mpwa wa Bi Mwanaupe. Kasoma chuo kingine, mkoa mwingine. Anauliza maswali. Sijampenda.

Mdoli wa kufanyia mazoezi hatuna. Nikaazima sanamu ya dukani, ile inayovalishwa magauni. Haina kichwa wala mikono. Benson kaambiwa amchome sindano ya mkono, akabaki kaduwaa na sirinji hewani. Nikamwambia asiwe mgumu, tuchukulie mkono upo. Akachoma hewa. Vizuri kabisa!

Najat akauliza tunanawia wapi kabla ya kumgusa mgonjwa. Nimecheka. Chuoni kwetu bomba la chumba cha vitendo lilikauka tukiwa mwaka wa kwanza, na hatukuliona tone mpaka tunahitimu. Tulikuwaga tunasimama wima na kutamka kwa sauti: "Tuchukulie nimenawa mikono." Mwalimu anaweka tiki, tunasonga mbele. Darasa zima, miaka yote. Na darasani tulikuwaga tunapata A!

Najat akasema kwao walikuwa wananawa kweli. Nikamwambia kila chuo na umaskini wake wa mbinu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kaja na ndoo! Najat. Ndoo, sabuni ya kipande, kata, na taulo jeupe. Akanawa mbele yetu, kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, kucha, mpaka kwenye kifundo. Polepole, kama bibi harusi. Esta akaacha kuandika akawa anamwangalia. Hata Benson aliamka.

Nimehisi kambi inanitoka mkononi.

Nikapiga marufuku ndoo. Sababu nimetoa tatu na zote nzuri: sakafu itateleza, vitambaa vya Bi Mwanaupe vitalowa, na mtihani una muda. Anayechezea maji, kengele itamkuta hajamgusa mgonjwa. Nikawaonyesha. Nilisimama wima, nikatamka kwa sauti ya kujiamini, nikahamia kwenye kidonda. Sekunde tu! Benson akapiga makofi.

Esta aliitazama ndoo, akanitazama mimi, kisha akainama akaandika. Huyo ndiye mwanafunzi.

Najat kamwaga maji nje kimya kimya. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini kiongozi hawezi kuwa na huruma kila saa.

Jumapili, 10 Agosti

Butiama, kumwona mama. Afadhali ningebaki.

Mama kaishatangaza kanisani kwamba mwanaye ni nesi tayari. Kutoka ibadani nakuta watu wamejipanga kwenye benchi uani kwetu. Mwenye kichwa, mwenye mgongo, mwenye mjukuu asiyekula. Wa mbele kabisa Mzee Wanzagi na mguu wake umevimba. Nikampa shikamoo, nikautazama ule mguu kwa makini ya kitaalamu, nikamwambia aende hospitali. Akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia: kwani nimesomeshwa miaka yote ile nije kumwambia aende hospitali? Hilo si hata mbuzi wake analijua?

Watu walicheka. Mama hakucheka. Baadaye jikoni akaniuliza taratibu kama leseni imetoka. Nikasema iko njiani. Akasema yeye hajui hizo njia zikoje, ila amechoka kunitetea kwa mawifi zake. Akanifungia udaga wa muhogo na sato wa kukausha nirudi nao Bunda.

Nimemla yule sato huku roho inaniuma. Mtamu, lakini unajijua kabisa hukustahili.

Jumatano, 13 Agosti

Najat kaondoka kambini. Anafanya mazoezi nyumbani kwao na ndoo yake. Bi Mwanaupe ameanza kunijibu salamu nusu nusu.

Kibaya zaidi, Esta kaniomba ruhusa. Alikuwa anataka jioni awe anakwenda kwa Najat, kujifunza kidogo tu ile ya maji, halafu arudi kwangu. Kidogo tu! Hivyo ndivyo kambi zinavyokufa. Nikamwambia mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia Najat anamwonea wivu. Nikamwambia, na hapa nilipandisha sauti, kwamba mimi ndiye niliyeingia kwenye ule mtihani, siyo Najat.

Akaomba radhi. Amebaki. Ushindi! Nilimnunulia chapati mbili.

Sijui kwa nini usingizi haukuninogea mchana.

Alhamisi, 21 Agosti

Musoma. Mtihani.

Karatasi ya kuandika ilikwenda. Hesabu za dripu zilikuja mbili, zote nimezipata, nikatoka nacheka peke yangu. Mchana vitendo. Chumba kimegawanywa kwa mapazia, kila pazia kituo, kila kituo na mtahini wake na jambo la kufanya. Cha kwanza: kusafisha kidonda. Mdoli mwenye mikono! Kushoto kwake sinki. Bomba. Sabuni ya maji. Taulo za karatasi.

Nikadhani ni mapambo.

Nikasimama wima. Nikatamka vizuri kuliko siku zote: "Tuchukulie nimenawa mikono." Mtahini, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akalitazama bomba. Akanitazama mimi. Akaniuliza kwa upole kama niko tayari kuendelea. Nikasema sana! Akaandika kitu kifupi. Na kituo cha pili hivyo hivyo. Na cha tatu. Mpaka cha mwisho nilikuwa natamka kwa madaha.

Wakati navua glavu nikasikia, nyuma ya pazia, maji yanatiririka. Yanatiririka tu. Mtu ananawa, na hana haraka yoyote.

Mungu wangu!

Kumbe na mwaka jana bomba lilikuwepo. Sasa hivi nalikumbuka, lilikuwa linadondosha matone na mimi nikaona linanichanganya. Hazikuwa hesabu za dripu. Hazijawahi kuwa hesabu za dripu!

Mimi basi, nimeshaanguka. Lakini Esta na Benson zamu yao ya vitendo ni kesho asubuhi.

Jioni hii hii nikampigia Esta. Nilikuwa nimeshaliandaa neno: naweni. Neno moja tu. Akapokea anafurahi, kafikia kwa shangazi yake hapa Musoma, akasema amerudia kila kitu kama nilivyofundisha, mbele ya kioo, hata sauti haitetemeki tena. Mganga wa zahanati kampigia kumtakia heri. Mama yake kafunga kula tangu asubuhi. Akasema bila mimi angekuwa na hofu sana.

Ningemwambiaje? Kwamba Najat ndiye alikuwa sahihi? Kwamba Mwalimu alikuwa hajui kitu? Nikamwambia anyooshe gauni vizuri. Nikamwambia Mungu amtangulie. Simu ikakatika, na mimi ndiye niliyeikata.

Huenda mtahini wa kesho ana huruma.

Ijumaa, 22 Agosti

Nilisimama getini tangu asubuhi. Nilisema wakifika tu nawanong'oneza. Walifika. Wote wawili, safi, wamependeza. Benson akanipigia saluti. Esta akainama kuniamkia mbele ya wenzake na kuwaambia huyu ndiye Mwalimu wangu. Wale wenzake wakaniangalia kwa heshima. Aisee, ile heshima! Nikapiga picha nao. Geti likafungwa.

Wa kwanza kutoka Najat, kumbe naye zamu yake ilikuwa leo. Mikono ya gauni imelowa mpaka karibu na viwiko. Hakuniangalia.

Esta katoka anang'aa. Akasema ametamka pale pale panapotakiwa, kwa sauti, bila kubabaika, vituo vyote. Akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo.

Nimeshindwa kula. Nilikaa ufukweni Mwigobero natazama wanawake wanaoanika dagaa. Najuta. Nalisema waziwazi kwa sababu hakuna atakayesoma hapa: najuta, najuta, najuta.

Ijumaa, 19 Septemba

Matokeo.

Najat kafaulu. Clementi kafeli. Benson kafeli. Esta kafeli.

Nililiangalia jina la Esta muda mrefu kuliko langu. Langu nilishalizoea.

Benson kasema anakwenda kwa kaka yake kuvua dagaa, kwamba huko angalau mtu hajifanyi. Bi Mwanaupe kaniita nichukue vitu vyangu. Vitu vyenyewe ni kiti. Sanamu yake kaivalisha gauni la sherehe na kuiweka mbele ya duka, na nilipopita akaniambia yule mgonjwa wako amepona, shukuru Mungu hukumtibu zaidi.

Najat akapiga simu. Nilijua anataka kujisifu. Hakujisifu. Afadhali angejisifu! Alisema kwa sauti ndogo kwamba Esta hajui kosa lake liko wapi, anadhani hana akili. Atarudia mtihani na atasema vile vile. Alisema mimi ndiye niliyemfundisha na mimi ndiye wa kumwambia, yeye akimwambia ataonekana anamcheka. Nikamuahidi kwa jina la mama yangu.

Nitakwenda Bugwema. Jumapili. Nitamwambia kila kitu, hata ile simu. Yaani hata ile simu.

Jumapili, 21 Septemba

Nimetoka Bugwema sasa hivi.

Njia nzima juu ya pikipiki nilikuwa narudia maneno: "Esta, uliyefeli siyo wewe, ni mimi." Dereva akageuka kuniuliza kama nina homa.

Nilipita mbele ya zahanati. Nesi mgeni kasimama mlangoni, gauni jeupe, anaita wagonjwa. Nafasi ya Esta hiyo. Nikageuza uso.

Nimemkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo na wadogo zake. Amekonda. Mama yake akanitolea kiti cha kuegemea, kile cha wageni, akaniita Mwalimu, akaniletea maji ya kunawa nipate ugali. Nikanawa vizuri mpaka vifundoni, nikasema nitamwambia nikimaliza kula tu. Nikamaliza. Nikasema akikaa tu. Akakaa.

Nikafungua mdomo.

Yeye akanitangulia. Macho chini, anasema tangu matokeo yatoke alikuwa anatafuta namna ya kunitazama usoni. Kwamba nilijitolea muda wangu, nikamfundisha kwa moyo wote, mpaka chapati nikamnunulia, na yeye akaenda kuniangusha. Akaanza kulia. Akaniomba nimsamehe. Mama yake naye, kasimama pale na sufuria mkononi, akasema tafadhali Mwalimu, ni mtoto tu.

Wallahi neno nilikuwa nalo ulimini! Lilikuwa limeshafika kwenye meno!

Nikamsamehe.

Na lazima niseme, nilimsamehe vizuri sana. Nilimwekea mkono begani. Mama yake akafuta machozi na kunifungia kuku. Moyo wangu ukawa mwepesi ghafla, mwepesi kabisa, kama mtu aliyeungama.

Wakati narudi, wazo likanijia pale pale juu ya pikipiki. Kosa lilikuwa Bunda! Mahali penyewe. Kelele za cherehani, watu wenye ndoo na maneno mengi, mtu ataelewa nini? Kambi ijayo naifungua Kisorya, karibu na kivuko, kwenye upepo na utulivu, nipate na wahitimu wa Ukerewe. Mwalimu mwenye uzoefu wa mitihani miwili, nani mwingine anaye?

Nimempigia Esta kumpa habari njema. Kafurahi, masikini, kauliza kama kweli bado namtaka. Nimemwambia nafasi yake ipo, ila safari hii afuate maelekezo.