Maombi ya Kurudishwa kwenye Umaskini

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Assalaam alaykum. Ni mimi Mansuri, mume wa Zuena, yule aliyeko Muscat mwaka wa nne sasa akimtunza bibi kizee wa watu. Mimi huku namtunzia friji alilotuma. Naandika kwa adabu zote kulalamikia maisha bora.

1. Hilo friji. Kijiji kizima kimeweka pweza humo. Wa kwangu hayumo hata mmoja. Zamani nikisaidia kuvuta ngalawa ya Hemedi pale ghubani, napewa kitoweo, nakwenda zangu. Siku hizi nikishika kamba tu anapiga kelele: "Bwana Muscat, acha, utachafua kanzu! Wewe si mtu wa kununua?" Basi nakula ugali kwa tembele huku nikilinda pweza wa wenzangu wasioze.

2. Bati. Enzi za makuti, nyumba ikivuja, majirani walikuja kuezeka, tukataniana, tukala pamoja. Bati halivuji. Tangu liezekwe, sijatembelewa na mtu asiyeshika pweza mkononi.

3. Mzee Kombo, aliyenipeleka jandoni, juzi amenitangulia kwa shikamoo. Nasikitika kukuarifu kwamba niliitikia marahaba. Nilikuwa nimevaa saa.

4. Karani wako Costantine alipita kuandika kaya maskini, akaliona kochi alilotuma Zuena kupitia dirisha, akanifuta palepale. Angeingia angenikuta nimekaa chini kwenye mkeka. Kochi bado lina nailoni yake, na mimi ndiye niliyejikataza kulikalia.

Kwa hiyo naomba kijiji kinitangaze maskini, kwa muhuri, na kimwandikie Zuena kwamba vitu vimetosha, sasa aje mwenyewe. Friji linanguruma kutwa, lakini halijaniuliza hata siku moja nimeshindaje.

Nisalimie wote nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mkeo Bi Mwanamkuu mwambie pweza wake hajambo.

Ni mimi niteswaye na raha,
Mansuri

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Zuena amepiga simu. Yule bibi kahamia kwa mwanawe, kwa hiyo anarudi moja kwa moja Ijumaa ijayo, na ile televisheni ya ukutani aliyoniahidi hatainunua tena. Mwenyekiti, tafadhali, kijiji kimwandikie haraka atafute bibi mwingine, avumilie japo miezi sita. Ukuta nimeshautoboa.