Macho Yangu na Tangi la Shemeji

Jumapili, 2 Machi

Nimeonewa! Naandika kwa hasira, na kifuniko cha kalamu nimeshakitafuna.

Kila Jumapili saa kumi jioni familia hupigiana simu ya video. Mimi na mke wangu huku, Mama kwake, dada yangu mkubwa na mumewe kwao. Leo tulikuwa na jambo moja tu la kupanga. Alhamisi Mama anapasuliwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia kwanza, la kushoto litafuata baada ya miezi miwili. Katikati hapo anahitaji mtu wa kumtia dawa ya matone mara nne kwa siku. Aende kwa nani? Kwangu, kwa nani tena! Chumba nimeshakipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe. Pazia jipya. Kitanda nimekikata miguu ili asihangaike kupanda.

Kabla sijafika kwenye pazia, Shemeji akadakia. Tangi! Wiki ya tano sasa anatuhadithia tangi lake la maji. Lita elfu mbili. Jeusi. Mfuniko wa kuzungusha. Leo ameongeza koki.

Sikusema neno. Naomba hilo lieleweke. Nilifunga mdomo, nikakunja mikono, nikatulia kama mtu mwenye adabu zake.

Dakika kumi baadaye, picha kwenye kundi la familia. Uso wangu. Macho yamepinduka juu, weupe mtupu. Dada alikuwa ameninasa katikati ya koki. Chini yake kaandika: huyu ndiye anayetaka kumuuguza Mama. Shemeji akaweka kikatuni cha uso unaolia. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane!

Yaani nihukumiwe kwa macho? Mimi? Mpiga picha wa paspoti kwa miaka kumi na tisa? Kazi yangu nzima ni kuwaambia watu watazame hapa, wafumbue, wasikodoe. Hakuna wa kunifundisha macho katika ukoo huu.

Jumatatu, 3 Machi

Dada kanipigia hata studio sijafungua. Katoa masharti. Nimwombe Shemeji msamaha, kwa video, mbele ya kundi zima, kabla ya Ijumaa jioni. Maandishi hataki. Sauti hataki. Eti mdomo wangu anaujua tangu utotoni, hauna shida ya kusema lolote. Anataka kuyaona macho. Yasipomridhisha, Mama anakwenda kwake, kwenye maji ya uhakika.

Maji ya uhakika! Nimepiga meza mpaka stempu zikaanguka.

Nikamwambia kulikuwa na mjusi darini, ndiye niliyekuwa namtazama. Akasema basi amwone mjusi mwenyewe. Sawa! Asubuhi yote nimetafuta mjusi nyumbani. Hakuna. Wamekimbia harufu ya rangi. Nikampata mmoja studio, saa sita mchana, nikampiga picha safi kabisa, nikaituma.

Saa sita na dakika kumi Shemeji karudisha picha ileile, kachora duara jekundu pembeni. Ndani ya duara: mwavuli wa taa yangu ya studio. Akauliza kwa upole kama siku hizi sebuleni kwangu mvua inanyesha.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa anacheka peke yake jikoni. Nilimsikia vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Haya. Wanataka msamaha, watapata msamaha wa kitaalamu.

Nimeandika maneno mazuri, ukurasa mzima, herufi kubwa. Nimeubandika ukutani kando ya simu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikarekodi. Hakuna kukwama hata mahali pamoja! Sauti ya chini, ya mtu aliyepigwa na maisha. Nikatuma bila kuitazama, kwa kujiamini.

Majibu ya Dada: macho yanakwenda kulia, yanarudi, yanakwenda tena, kama karani anayemsomea mtu mashtaka. Akauliza kwa nini nilikodoa pale kwenye neno "majuto". Kwa sababu wino ulikuwa umevuja, ndiyo maana! Lakini hilo ningelisema vipi?

Shemeji kaandika kwamba yeye binafsi hana kinyongo. Hiyo ndiyo hasira yangu kubwa kuliko zote. Angekuwa na kinyongo tungepigana yakaisha.

Nimemuuliza mke wangu msimamo wake. Amesema mimi ni mume wake, na kwamba nilikuwa nasoma.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri. Mwongo hupepesa macho, kila mtu anajua. Basi sipepesi! Maneno nimeyakariri, karatasi nimeichana. Nimefanya mazoezi ya kutopepesa mbele ya kioo tangu asubuhi. Bibi mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho alinitazama kidogo, akasema amesahau kitu nyumbani. Hakurudi.

Dakika moja na nusu bila kupepesa. Rekodi! Machozi yalianza kutoka sekunde ya hamsini, nikayaacha yatoke, nikijua yatanisaidia.

Dada hakuandika, alipiga. Sasa hivi yuko kwa Mama, kasafiri leo kwa ajili ya upasuaji. Alinong'ona. Aliuliza kama ule ni msamaha au ni vitisho. Shemeji kaiona video akiwa peke yake nyumbani, na baada ya hapo kaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Nikamjibu kwamba macho yale yalikuwa ya unyofu. Akasema hapana, yalikuwa ya mtu anayetafuta nondo.

Mimi! Niliyemkatia Mama kitanda miguu! Kupindua macho mara moja tu, tena kwa bahati mbaya, na sasa nimekuwa jambazi. Sikula usiku. Nilikula baadaye kidogo, kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Leo Mama anapasuliwa. Saa nne asubuhi.

Nilipiga saa tatu, Dada hakupokea. Saa nne, hakupokea. Saa tano, simu imezimwa. Ananikomoa. Ananikomoa siku ambayo mama yangu yuko chini ya kisu! Nilizunguka studio mpaka kigae cha mlangoni kikalegea.

Kukaa bure siwezi. Nikachukua kitunguu. Kikubwa, chekundu, nikakikata katikati, nikakiweka mezani kando ya simu. Nikarekodi msamaha wa tatu. Machozi yakaja ya kutosha. Nikatuma papo hapo.

Kilichofuata sikukitarajia. Kitunguu nilikiweka kushoto tu. Jicho la kushoto lililia kama la mfiwa. La kulia likakaa kavu, limetulia, linatazama. Binamu yetu, mtoto wa baba mdogo, ambaye hajaandika kitu kundini tangu mwaka jana, kaibuka leo kuuliza kama macho yangu yanagawana zamu. Hata macho yake hayaelewani, kaandika Shemeji.

Kundi linaonyesha Dada naye ameitazama: kumbe yuko hewani! Simu yangu hapokei, lakini video anaitazama!

Tena kitunguu nilikisahau mezani. Wateja watatu mfululizo wametoka na picha za paspoti wanalia. Mmoja anakwenda masomoni, anasema atahojiwa uwanja wa ndege.

Saa kumi na moja jioni bado sina habari ya Mama. Hapa nisidanganye, daftari ni langu. Naogopa. Miaka mitano Mama ananijua kwa sauti tu. Ananiuliza kama nimenenepa, nakataa, ananiamini.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mwisho niliyopewa. Mpango wa leo ulikuwa miwani ya jua. Macho yasipoonekana, hayana cha kusema! Nilishangaa kwa nini sikufikiria hili Jumatatu.

Nikavaa, nikakaa, nikabonyeza kurekodi. Sijafungua hata mdomo, mke wangu akaingia studio mbio mbio na simu yake, akanisukumia sikioni. Mama!

Bandeji imetolewa asubuhi. Anaona. Aliniambia vitu vyote kwa mpigo, kama mtu anayesoma orodha ya soko. Ukuta wa hospitali ni wa kijani, miaka yote alidhani mweupe. Muuguzi ana kifungo kimoja tofauti na vingine. Kuna ndege dirishani, ana miguu. Alirudia hilo mara mbili, kwamba ndege ana miguu. Halafu akaniuliza mbona niko kimya.

Nilikuwa nimevua miwani. Sijui nilivua saa ngapi.

Nikaenda kunawa uso. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameshika simu yangu, iliyokuwa inarekodi muda wote ule. Amekata sekunde ishirini na mbili. Ametuma kundini! Bila ruhusa! Mtu amekaa, simu sikioni, hasemi kitu, pua inang'aa. Msamaha haumo. Shemeji hatajwi. Nilimfokea mpaka koo likauma. Akaendelea kufagia maganda ya kitunguu.

Dada akapiga. Sauti nyingine kabisa, laini. Akasema hayo ndiyo macho aliyokuwa anayataka, kwamba kumbe ninayo. Mama anapanda gari kesho asubuhi, aje kwangu. Shemeji kaandika kwamba msamaha wangu ameupokea.

Sijamwomba! Nilitaka kuandika hivyo, nirudishe heshima yangu, mke wangu akaikalia simu.

Nimeitazama ile video mara kumi na nne ili nijue siri yake. Nimeipata. Ni taa ya kushoto. Niliishusha kidogo jana kwa sababu ya kitunguu. Taa ikiwa chini, macho yanalainika. Ufundi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amefika! Alivua miwani yake ya giza mlangoni, akanitazama kuanzia juu hadi chini bila haraka. Akauliza nywele zimekwenda wapi. Akauliza na tumbo ni la tangu lini. Nikasema ni shati. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano hakuniamini.

Chumba kakisifu. Pazia kalisifu. Halafu kafunga mlango na kuona kwamba nyuma yake sikupaka rangi. Ndani ya saa moja kaona tandabui tatu, ufa wa sinia, na doa ambalo mke wangu amekuwa akilisema tangu mwaka jana. Mke wangu amefurahi kupita kiasi. Wawili hao sasa wanapika pamoja na kucheka, na sijaambiwa wanachochekea.

Saa mbili usiku nilimtia dawa. Alilaza kichwa nyuma, akatulia. Nikavuta kope la chini kwa kidole kimoja, tone moja, sawasawa. Mkono haukutetemeka. Akasema nina mkono mwepesi, akanishika kiganja, akakaa nacho. Ningeweza kusimama pale mpaka asubuhi.

Kisha akasema Dada amemwonyesha ile picha yangu. Jicho jipya, na kitu cha kwanza kuonyeshwa kwenye simu ni mimi nimepindua macho! Dada huyu! Mama hakukasirika. Aliniomba tu nimvumilie Shemeji, kwa ajili yake, maana hii amani ndiyo iliyomleta hapa na hataki kufungasha tena. Nikaapa. Nimeapa kwa moyo wote, mkono kifuani.

Jumapili, 9 Machi

Usaliti! Ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Nilijiandaa vizuri leo. Kabla ya saa kumi nilichukua plasta ya kidonda, nikakata kipande, nikaziba jicho la kamera. Tulipoanza nikasema kwa masikitiko kwamba kamera yangu imekufa, wataniona wiki ijayo. Wote wakanipa pole. Ufumbuzi rahisi kiasi hiki, na mtu nimeteseka wiki nzima na vitunguu!

Shemeji akaanza. Anataka tangi la pili. Tangi la pili, la kupokea maji yanayomwagika kutoka tangi la kwanza!

Basi nikajipa nafasi. Niliyapindua yote mawili, pole pole, mpaka mwisho, nikayashusha, nikayapindua tena. Nikavuta na mdomo pembeni. Wiki nzima ya hasira ilitoka pale, na ilikuwa raha isiyoelezeka.

Mama alikuwa amekaa kushoto kwangu, kwenye kochi lilelile, bega kwa bega.

Alivua miwani ya giza. Akasogea karibu na simu. Akawaambia, kwa sauti ya furaha kabisa, kwamba kamera si mbovu, imebandikwa plasta, na kwamba hivi sasa macho ya mwanawe yamekwenda juu, sasa yanashuka, sasa yamemtazama yeye, sasa yametoka pima. Alitangaza kama mtu wa redio. Mke wangu akaanguka kwenye mto kwa kicheko.

Halafu Dada akauliza Mama angependa afuatwe lini. Moyo ukanipasuka. Mama akasema haendi popote, mikono ya kumtia dawa ameshaipata, hayo macho atayasimamia yeye mwenyewe. Dada akasema sawa, lakini Shemeji anadai msamaha mwingine, kwa video, kabla ya Ijumaa. Mama akasema nitaurekodi mbele yake.

Nimekasirika na daktari. Mtu anaombwa asafishe jicho, anasafisha namna hii?

Lakini nimeshapata dawa. Leo kosa lilikuwa la viti tu. Jumapili ijayo namwahi Mama kwenye kochi, nakaa kushoto kwake. Jicho la kushoto bado halijapasuliwa.