Nusu Saa ya Kamati ya Maegesho

Umma unatangaziwa kwamba mji wetu umejaa. Sisemi kwa kubahatisha. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Maegesho Katikati ya Mji, na nimehesabu kwa macho yangu mwenyewe: Alhamisi saba mfululizo, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye roshani ya ukumbi wa halmashauri. Mbele ya ukumbi kuna nafasi kumi na mbili za kuegesha magari. Kila Alhamisi nilikuta zote kumi na mbili zimejaa. Ukiniondoa mimi, kamati ina wajumbe kumi na wawili, jambo ambalo halihusiani kabisa na utafiti.

Wapo watu wenye midomo wanaouliza kwa nini Alhamisi tu. Alhamisi ndiyo siku ya kikao, na posho ya kuhesabu hutoka siku ya kikao. Jumatatu ningehesabu kwa nguvu za nani?

Kutokana na utafiti huo, kamati ilipendekeza mambo mawili. Kwanza, gari lisisimame zaidi ya nusu saa. Likizidi, gurudumu lifungwe mnyororo na mwenye gari alipe faini. Pili, duka la fundi cherehani lililo upande wa pili wa barabara livunjwe, ili pamoja na ua wake zipatikane nafasi mbili za ziada.

Hapo sina budi kukiri kwamba fundi huyo ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Ameshona sare za shule katika chumba kile miaka kumi na tisa, watoto wake watatu wamesomeshwa na cherehani ile, na hana pengine pa kwenda. Nilitangaza mgongano wa maslahi kama taratibu zinavyotaka, kisha nikaendelea kuandika. Nyumbani mke wangu aliacha kuniita baba watoto, akaanza kuniita Katibu.

Siku ya kusikiliza maoni ya wananchi, shemeji alikuja na futi yake ya kupimia shingoni. Alisema hana maneno mengi. Alituomba twende tukahesabu Jumatano, kwa sababu Jumatano mbwa hulala katikati ya barabara ile mpaka kivuli kimhame.

"Mama, kamati hii haikuundwa kwa ajili ya mbwa," Mwenyekiti alimjibu.

"Sawa, mheshimiwa. Lakini magari yanayojaza barabara Alhamisi ni ya kwenu."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akafafanua kwa upole kwamba magari ya wajumbe si magari, ni vitendea kazi. Wakacheka zaidi, na mtu wa redio alikuwa pale na kinasa sauti chake. Sasa, Mwenyekiti wetu ana mema mengi, ila kuchekwa hakuwezi. Aligonga meza, akaniamuru niandike, tena kwa herufi kubwa, kwamba sheria ya nusu saa ni ya gari lolote la mtu yeyote, bila kutazama sura wala cheo. Nikaandika. Akatia sahihi palepale. Watu walimpigia makofi, naye akayapokea kwa kuinua mkono.

Kazi ya mnyororo akapewa mzee mmoja aliyekuwa mpiga kengele wa shule kwa miaka thelathini. Tulimchagua kwa sababu ya nidhamu yake. Nikitazama nyuma, naona hapo tuliteleza.

Suala la kuvunja duka liliwekwa Alhamisi iliyofuata. Lazima nieleze kanuni moja. Kikao kisichotimiza saa mbili hakiwezi kupitisha uamuzi wala kulipwa posho. Tuliiweka wenyewe, maana wajumbe wengine walikuwa wakisaini tu na kutokomea. Tukaanza saa nne kamili. Saa nne na nusu tukaanza kusikia minyororo ikiburuzwa. Tulipofika chini tukiwa roho juu, magari saba yalikuwa yamekwisha fungwa na mzee alikuwa amepiga goti kwenye la nane. Mwenyekiti alikuja juu kweli siku ile. Mzee akamaliza kufunga, akanyoosha mgongo, akafunua karatasi.

"Mheshimiwa, sahihi hii si yako?"

Ilikuwa yake. Walilipa wote. Mimi nakwenda kwa miguu, lakini nilisikitika pamoja nao, na kicheko kilichotaka kunitoka nilikizuia kwa sababu za kiutumishi.

Tangu siku hiyo, kila baada ya nusu saa wajumbe hushuka mbio, huwasha magari na kuzunguka mtaa, na wakirudi hukuta nafasi imeshachukuliwa na mzazi aliyemleta mtoto kupimwa sare kwa shemeji. Ukumbini tunabaki mimi na vipaza sauti. Kuvunja duka kunahitaji saa mbili. Hata kuifuta hiyo sheria kunahitaji saa mbili. Mjumbe mmoja alipendekeza waje kwa miguu. Hoja ilikosa wa kuiunga mkono, na mwenyewe akaomba ifutwe kwenye kumbukumbu.

Alhamisi iliyopita, kwa kuwa kikao kilikuwa na mimi peke yangu, nilivuka barabara kwenda kupunguziwa suruali. Mwenyekiti akaja kusimama mlangoni, shati limelowa, gari linanguruma nyuma yake. Alikuwa amezunguka mara tisa. Kwa sauti ya chini alimwomba shemeji amruhusu aegeshe pale uani, saa mbili tu, jamani. Ajenda ya siku hiyo ilikuwa kulivunja duka, ila hilo hakuligusia.

Shemeji alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Lete maombi kwa maandishi, mheshimiwa. Nikipata nafasi nitayakalia kikao."

Barua nimeichapa mwenyewe, nakala tatu. Mpaka leo ofisi yake haijajibu.