Jeni ya Tatu ya Ukoo

Jumatatu, 3 Machi 2014
Balaa. Barua pepe ya Kamati ya Majina imefika maabara. Jeni zote za ule ukoo wa protini za ute, za binadamu, panya, mbuzi na mamalia wengine, zinapewa jina moja la ukoo, VLK, kisha namba. Kila maabara ilikuwa inaziita inavyotaka, wanasema, na watu hawaelewani. Ni kweli. Lakini jeni yangu ya mbuzi ilikuwa inaitwa KASE! Niliwaandikia kwamba ni kifupi cha Kinga Asilia ya Seli za Epithelia. Wamenijibu kwa adabu kwamba majina ya watafiti hayaruhusiwi. Nani kawaambia naitwa Kasereka? Nilimshuku Obita, jirani yangu wa meza. Baadaye nikakumbuka barua niliisaini.

Inaniuma. Nilimwahidi Papa, kule Butembo, kwamba kabla hajafunga macho jina alilonipa litakuwa kwenye vitabu vya sayansi. Kifua kinambana siku hizi.

Jumatano, 5 Machi
Daktari Rukiah, mkuu wetu, katoa pendekezo. VLK1 ya Obita, VLK2 ya watu wa Nairobi, VLK3 yangu. Kasema, Kaseleka, mkikubaliana wenyewe kubadilishana kamati haitapinga, ila wakishaandika imekwisha. Ulimi wake hauna r.

Ya tatu! Suruali za kaka Mumbere zilipitia kwanza kwa kaka Kambale. Zikinifikia mimi, magoti hakuna. Nyama ikinifikia ni mfupa. Sasa hata kwa mbuzi? Sikubali.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempeleka Obita Ggaba, kando ya ziwa, kula samaki. Huyu ni mtoto wa kambi ya jeshi, hapendi usumbufu. Nikamweleza kwa huruma kwamba mwenye namba moja ndiye anayeandikiwa maswali na wanafunzi wa dunia nzima. Akatafuna, akafikiri, akasema basi chukua wewe, mimi mambo mingi sitaki. Akala na kichwa cha samaki wangu. Alasiri Rukiah akapeleka makubaliano yetu, na kabla ya kufunga kazi kamati ikajibu: imepita. Mimi ni VLK1. Nilishuka kilima nikipiga mluzi.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia Papa baada ya ibada. Nikamwambia KASE imekataliwa, sasa jeni zinaitwa kwa namba, kama watoto wa nyumba moja. Kabla sijafika kwenye ushindi wangu akauliza kama ya tatu ipo. Nikasema ipo. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hao Wazungu wamejifunza kwetu Wanande: mtoto wa kwanza wa kiume Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Basi hiyo ya tatu ni Kasereka, hata wasipoandika. Akasema, mwanangu, umetimiza ahadi. Nikamsikia akiwaita majirani.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa. Maisha yangu yote nimeitwa namba tatu, na nilipoiona mezani sikuitambua. Jina langu lilikuja lenyewe, nami nikalitoa pamoja na samaki. Najuta sana. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimwomba Obita turudishiane. Alikubali bila kuuliza. Rukiah ndiye aliyekataa: kazi nzima ya kamati ni kwamba jina likitoka lisiguswe tena, Kaseleka. Obita aliposikia habari ya Papa hakucheka. Aliniwekea mkono begani. Kisha akaenda kwenye friji na kuandika juu ya vichupa vyake vya VLK3: Kasereka. Nadhani alitaka kunifariji. Imeniuma zaidi.

Papa kapiga tena. Anataka picha ya namba tatu aitundike sebuleni. Sauti yake ilikuwa ya furaha na ndogo sana. Jambo la kufanya lilikuwa wazi: nimwambie ukweli, anisamehe, yaishe. Nikashika simu.

Hapo nikapata wazo bora. Jeni haibadilishwi jina, lakini mtu je? Kaka Mumbere anafanya biashara hapa hapa mjini, sokoni Kikuubo. Kesho nampeleka Ggaba kula samaki, tubadilishane majina kwa wakili. Nikiwa Mumbere, namba moja ni jina langu. Nitamweleza kwa huruma kwamba mtoto wa kwanza ndiye anayeulizwa maswali yote ya ukoo.