Vado, Vai na Asali ya Mzee Mahona

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimesema uongo. Mdogo. Mzee Mahona, baba yake Kabula, kapiga simu kutoka Ipole: Jumamosi anakuja mnunuzi wa asali, Mwitaliano, mama Carla. Leodgar kajitolea kutafsiri. Leodgar! Anayemtaka Kabula wangu, na Kiingereza chake cha puani! Nikajikuta nasema Kiingereza cha nini, mimi najua Kiitaliano. Mzee akasema basi nimlete mgeni.

Jumatano, 11 Juni

Nasoma kwenye simu, kibandani, wateja wa viatu wakisubiri. Somo: unakwenda wapi. Vado, naenda. Vai, unaenda. Au kinyume chake? Ukienda mjini unasema "a", nchini "in", kwa daktari "dal". Jamani! Sisi Tabora tunaenda tu. Bando limekata kabla somo halijafika sokoni.

Ijumaa, 13 Juni

Usingizi hakuna. Jirani yangu Zuwena kasema nimwambie mzee ukweli mapema. Ushauri mzuri. Kwa mtu mwingine.

Jumamosi, 14 Juni

Mungu wangu! Na ilianza vizuri. Garini mama Carla akauliza: "Dove andiamo?" Tunakwenda wapi! Nikajibu: "Andiamo a Ipole!" Akafurahi, akamwaga maneno. Kila alipotua nikamwambia tunakwenda Ipole. Tulipopita Sikonge alikuwa kageukia dirishani.

Kwa mzee, ndoo za asali zimepangwa, Leodgar kanuna pembeni. Mgeni akaonja, akasema neno refu. Wote wakanigeukia. Jasho! Nikaanza kurudi nyuma, nijifiche ndani. Akauliza: "Dove vai?" Unakwenda wapi? Nami, mkono kifuani, kwa heshima zote: "Vai a casa!"

Nilitaka kusema naenda nyumbani. Kumbe nimemwambia yeye aende kwao.

Akaweka kijiko chini, akaingia garini. Leodgar akamkimbilia, akashika mlango, Kiingereza kikamtoka kama maji, huku akininyooshea kidole. Mara mama Carla akacheka hadi machozi. Asali yote imenunuliwa. Kabula akampelekea Leodgar maji, kapiga goti. Nilipoaga, mzee alikuwa anatazama mizinga.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafakari. Kosa ni la Waitaliano, maneno yao yanafanana mno. Nimebandika tangazo kibandani: Kiitaliano kwa wanaoanza, mwalimu Kasimiri.

Jioni simu. Mzee Mahona mwenyewe! Kauliza Kiitaliano nilikisomea wapi; nikamwambia kwenye simu. Mwakani ataongea na mgeni yeye mwenyewe, hataki tena mtu wa kati.

Mwanafunzi wangu wa kwanza! Ameanza kunikubali.