Treni ya Mikebe Kwenye Njia ya Ng'ombe

Jumatatu, 3 Februari

Tsuma ametoa amri. Yeye ndiye msimamizi wa kundi letu la wasapu, Wapenzi wa Reli Pwani, na leo ametangaza kwamba mwanachama ambaye hatatuma picha ya treni ya mizigo, aliyoipiga mwenyewe, huko huko anakoishi, kabla ya wiki kuisha, ataondolewa.

Anakoishi! Tsuma anaishi Mazeras. Treni zinapita nyuma ya choo chake. Anazipiga picha akiwa na mswaki mdomoni. Mimi naishi Garsen, ambako kitu kirefu kuliko vyote kinachopita ni msururu wa ng'ombe.

Najua anamlenga nani. Hajanisamehe tangu nimsahihishe mbele ya wanachama wote kwamba behewa aliloliita la mafuta lilikuwa la saruji. Sasa anataka kunitoa mimi, Dhadho, mwenye studio ya kwanza mjini hapa iliyo na pazia la bluu na pazia jeupe. Kutwa napiga picha za vitambulisho za watu waliokunja uso. Jioni nafungua lile kundi na nakuwa mtu tena. Nikitolewa, nitabaki na nani wa kuongea naye habari za breki?

Mke wangu Susan ameuliza kama hilo kundi linanilipa. Nina mpango.

Jumanne, 4 Februari

Treni yangu imetoka kiwandani, yaani chini ya kitanda. Kichwa ni mkebe wa mafuta ya kupikia. Mabehewa ni mikebe ya maziwa ya unga, kontena ni pakiti za juisi, magurudumu ni vizibo vya soda. Behewa la nyuma lilikuwa mkebe wa sukari. Susan ameutafuta asubuhi nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Mahali nilipopachagua ni malka, ile njia ambayo jirani yangu Jibril anapitishia ng'ombe wake kwenda kunywa maji mtoni. Kwato zimeisawazisha vizuri, hakuna kichaka, nyuma ni mbingu tupu. Ili reli yangu ya fito isiende tenge, nimepigilia vigingi kuanzia barabarani hadi karibu na mto, nikavipaka vichwa rangi nyekundu. Kazi ya kitaalamu kabisa. Kisha nikalala kifudifudi kwenye samadi, kamera ikigusa ardhi, na kipande cha dawa ya mbu kikifuka nyuma ya kichwa cha treni.

Jamani, picha! Ukiitazama unaweza kuapa kwamba mzigo wa nusu ya Kenya unakatiza uwanda wa Tana.

Nimeituma. Tsuma akauliza hiyo ni laini gani. Nikamjibu kwamba ni laini mpya, na kwamba nashangaa mtu wa cheo chake hana habari. Watu wa Kilifi wamenipigia makofi. Tsuma ameweka kidole gumba kimoja tu, tena naona kilimtoka kwa uchungu.

Vigingi nimeviacha pale pale. Kung'oa ni kazi ya vibarua.

Alhamisi, 6 Februari

Picha imetembea. Imetoka kundini, imefika Kilifi, imerudi Garsen kwa simu ya Hared, mwenye duka la jumla. Alikuja studio mwenyewe kuniuliza kama kweli mimi ndiye niliyeipiga. Ningesema nini? Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kweli reli inapita malka. Nikasema mimi ni mpiga picha tu, si msemaji wa serikali. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua mengi. Nilikuwa nimependeza, hata Susan asingebisha.

Hared hakusubiri chai. Saa nane nikamwona kwenye malka na vibarua, anazungusha miiba na kupanda miche ya miembe kufuata vigingi vyangu. Ati fidia ikija, mwembe unalipwa kuliko nyasi.

Wamenipongeza watu wengi sana leo. Sijui kwa nini Susan amekunja uso.

Ijumaa, 7 Februari

Malka haipo tena. Kuna ua wa miiba, kisha ua mwingine, kisha vibanda vya mabati visivyo na mlango wala dirisha, maana hakuna anayenuia kuingia. Mwalimu mstaafu kutoka Ngao amepanda migomba kwenye vumbi kavu na anaimwagilia kwa kikombe. Kinyozi amejenga kaburi la saruji la babake, kwa kuwa kaburi nalo lina fidia yake. Babake alikuja kwangu Jumatatu kupiga picha ya kitambulisho. Alitoka vizuri.

Jibril amenijia baada ya swala ya isha. Ni mtu mpole, hapandishi sauti. Alisema ng'ombe wake wameukuta mto umefungwa, kwa hiyo amewazungusha hadi malka ya chini, mwendo wa usiku kucha kwenda na kutwa kurudi, na kwa kiangazi hiki hawatauweza tena. Wawili wamelala njiani, ikabidi wanaume wawainue kwa mikia na pembe. Akaniuliza, kwa adabu zake zote, kama mimi ndugu yake ninamjua aliyepigilia vile vigingi.

Nikamwambia nimesikia ni injinia fulani. Akauliza kama injinia huyo ana watoto. Nikasema sidhani. Akasema basi hajui kilio cha ndama. Akaondoka bila hata kumaliza maji niliyompa.

Nilijisikia vibaya sana. Kisha nikafungua kundi nikakuta mtu wa Voi ananiita mkongwe, nikapata nafuu kidogo.

Jumapili, 9 Februari

Ng'ombe mmoja wa Jibril amekufa. Mwekundu, mwenye maziwa mengi. Susan ameniambia mbele ya sufuria ya wali kwamba nikaseme ukweli kesho kwenye baraza la chifu, la sivyo ataenda kusema yeye, na ataanza na habari ya mkebe wa sukari. Kumbe alijua tangu Jumanne.

Nikamweleza kwamba nikikiri kuwa ile treni ni ya mikebe, Tsuma atanitoa kundini siku hiyo hiyo. Akasema na atoe. Nikamwambia haelewi uzito wa jambo lenyewe. Akasema anauelewa, una miguu minne na unainuliwa njiani kila siku. Wali sikuumaliza.

Nimeamua nitakiri. Mimi si mnyama. Ila nitakiri kwa heshima, na kielelezo mkononi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekiri, na haikusaidia kitu.

Nilifika barazani na treni yote ndani ya karai, imefunikwa kwa leso ya Susan. Nikasimama. Nikaeleza kila kitu, vigingi, fito, mkebe wa sukari wa Susan, dawa ya mbu, kulala kwenye samadi. Nikasema hakuna reli, haijawahi kuwapo, turudisheni njia ya ng'ombe. Nikafunua leso.

Watu wakapiga makofi.

Hared akasimama akawaeleza wote kwamba hivi ndivyo serikali inavyofanya, kwanza huleta mfano mdogo mezani, watu wauone, halafu ndipo tingatinga zinakuja. Mwalimu wa Ngao akauliza stesheni itakuwa upande gani. Chifu akataka kujua kama mabehewa yatakuwa na nafasi ya maembe. Nikaapa kwamba ni mkebe wa maziwa, nikawaonyesha hata maandishi ya tarehe ya kuharibika. Mama mmoja akasema ndiyo, treni za maziwa, ni jambo zuri.

Kati ya wote hao kulikuwa na mtu aliyekuwa akirekodi kwa simu, na video ikafika kundini. Kabla sijakaa chini Tsuma alikuwa amenitoa kundini. Hakusema hata kwaheri. Aliandika tu kwamba ameona mikebe mingi maishani lakini hii imezidi.

Hapo nikapandwa na hasira. Kama ukweli ndio huu, umenipa nini? Nikasimama tena. Nikawaambia vizuri, reli inakuja, na injinia mkuu ameniagiza niseme kwamba yeyote atakayekutwa na ua, kibanda au kaburi kwenye malka jina lake linafutwa kwenye fidia, yeye na kizazi chake.

Hared akatoka wa kwanza, tena mbio. Kufikia magharibi malka ilikuwa nyeupe. Kinyozi alikuwa anabomoa kaburi kwa nyundo, babake akimshikia tochi.

Jumatano, 12 Februari

Ng'ombe wamekunywa. Nilienda kuwaona. Walipita mbele yangu na vumbi lao, wakaingia mtoni hadi tumbo, wakanywa kama watu waliotoka jela. Machozi yalinitoka na siyaonei haya.

Jibril ameniletea kibuyu cha maziwa. Amesema pale barazani yeye alinisadiki mara ya kwanza, niliposema hakuna reli, kwa kuwa hajaona injinia anayetumia mkebe wa sukari wa mkewe. Kisha akaniomba jambo moja tu. Nisiiguse tena ile njia. Nikamwapia. Tukashikana mikono.

Ijumaa, 14 Februari

Nimefikiri sana siku hizi mbili, maana bila kundi mtu anapata wasaa wa kufikiri.

Hakuna reli, najua, niliibuni mwenyewe. Lakini hebu tuwe watu wazima. Chifu mzima, mwalimu mzima, Hared ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi ya chenji, wote hao waamini kitu kisichokuwapo? Haiwezekani. Tena jana gari la serikali lilisimama nje ya studio, dereva akauliza njia ya Minjila. Kwa nini aniulize mimi? Hawa watu wana habari, isipokuwa hawasemi.

Na malka yenyewe sasa iko wazi, hakuna hata mtu mmoja aliyejiandikisha pale. Ardhi nzuri hivyo, reli ipite, fidia ichukuliwe na nani? Nimenunua miche ya miembe ya Hared, aliyokuwa anaiuza kwa bei ya kutupa. Nimeipanda yote leo asubuhi na kuzungusha miiba, na vigingi nimevisogeza kidogo ili reli ipite katikati ya shamba langu, isije ikanikosa.

Susan ameniuliza reli gani hiyo. Nimemwambia mambo ya miundombinu hayaelezeki jikoni.

Alasiri Jibril amekuja na ng'ombe wake, akasimama mbele ya ua wangu, akaviangalia vigingi, kisha akaniangalia mimi. Nimemwomba azungukie ile malka ya chini. Nimemhakikishia ni kwa muda tu, mpaka fidia itoke.