Mashini ya Vifaru na Kitabu ya Majina

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Feresita ametangaza vita. Yeye iko na chumba mbili hapa Bwera, karibu na mupaka. Moja anapika chai na chapati. Ingine mimi nachezesha batu mashini ya michezo ya zamani: televisheni nene, kaseti ya njano, muchezo moja tu. Vifaru vya vita. Batu babili wanalinda ndege, tai ndogo, isipigwe.

Sasa Kasereka, kijana ya Butembo, amekuja na mashini mupya. Nyeusi, inang'aa kama kiatu ya padri. Anataka chumba yangu. Feresita amesema Ijumaa, siku ya soko, mimi nikae ndani, Kasereka akae baraza. Mwenye atamuletea batu ya kunywa chai, chumba ni yake. Mwenye atashindwa atafute pengine.

Nilitaka kumujibu vikali. Nikaenda kufuta vumbi kwa televisheni.

Jumanne, 2 Septemba

Leo pia ni siku ya soko. Nimekaa kwa kona nikichunguza wateja, kama meneja.

Bamama ya Beni na Butembo wanavuka mupaka, wanangojea karatasi ya mizigo. Wanakuja kwangu. Kila mutu anaweka ngata yake kwa benchi, ile ya kubebea mizigo kichwani. Ngata ndiyo musitari. Zamu ikifika, anapuliza kaseti, anacheza, anakufa, anachukua ngata, anaenda kunywa chai. Dakika tano. Mama Sylvie, mwenye anauza mawese, amekufa mara tatu na amecheka mara tatu.

Benchi ilijaa mupaka jioni. Lakini nimeona shida kubwa. Hakuna mutu anaulizwa kitu! Hakuna fomu! Biashara gani hii?

Jumatano, 3 Septemba

Nimeenda Kasese kwa binamu yangu Bright. Yeye ni meneja wa programu ya simu ya wakulima wa kahawa. Amevaa kadi shingoni hata akienda choo.

Amenieleza mambo yake na huzuni. Programu yao ilianza na kitu moja: bei ya kahawa ya leo. Wakulima ya Karambi wakaipenda. Ofisi ikaongeza hali ya hewa, picha, salamu ya siku ya kuzaliwa. Sasa iko na vibonyezo ishirini na mbili, na wakulima wamerudi kuuliza bei kwa redio. Akanishika bega. Akasema, "Asanasio, ndugu yangu, angalia batu wanafanya nini, halafu usiwasumbue."

Maneno ya akili sana. Nimeshika ile ya maana: Bright iko na vibonyezo ishirini na mbili, mimi niko na nne tu kwa pad ya kuchezea. Ndiyo maana yeye iko na kadi shingoni.

Nimepita soko ya Kasese, nikanunua kaseti mupya. Imeandikwa michezo 9999 ndani. Kasereka atalia.

Alhamisi, 4 Septemba

Kazi mingi. Nimetoa kaseti ya njano. Haina kazi tena, nimeiweka chini ya mugulu ya meza, meza haitikisiki. Maendeleo.

Kaseti mupya iko na orodha ndefu. Michezo ni saba kabisa, imerudiwa na majina tofauti. Vifaru iko namba 4316. Ukibonyeza haraka, unafika.

Nimenunua pia kitabu kubwa ya mistari. Jina, kijiji, simu, unatoka wapi, unabeba nini, unavuka mara ngapi kwa wiki. Mimi naogopa kuuliza batu kwa mudomo. Kitabu haina haya. Na nimeandika kwa mulango: NGATA IMEKATAZWA.

Kasereka amepita, amesoma, amecheka. Wivu.

Ijumaa, 5 Septemba

Saa tatu asubuhi bamama wamekuja, kama kumi na mbili. Nimefungua kitabu, nimeshika kalamu, nimeangalia chini, nimeuliza wa kwanza anabeba nini na anavuka mara ngapi.

Mutu moja akanong'oneza kwamba mimi ni wa ushuru. Mwingine akasema hapana, ni wa usalama, ameona vile sisemagi, naangalia tu. Wakanyanyua mizigo. Moja tu alibaki, kwa sababu alikuwa anatafuta vifaru. Alifika namba 212 ya orodha, akaweka pad chini polepole, kama mutu anatoka matanga, akaenda.

Nikachungulia baraza, nione Kasereka anavyosherehekea. Wapi! Mashini yake ilisema ingojewe, inajitengeneza kwanza na intaneti. Asilimia sita. Saa sita mchana, asilimia tisa. Wateja wake walikuwa wamelala kwa benchi. Hakuna mutu anakunywa chai. Sufuria ya Feresita ilikuwa inachemka peke yake, na yeye alikuwa anatuangalia sisi babili kama ameshatafuta mufagio.

Mama Sylvie ndiye alirudi. Akaona njano chini ya mugulu ya meza. Akainua meza na bega, akavuta kaseti, akapuliza, akaitia kwa mashini. Akatafuta mahali ya kuweka ngata, akaiweka juu ya kitabu yangu. Akaita wenzake kwa dirisha: "Mukuje, mutoto wa ushuru nimemufungia kitabu!"

Saa kumi nilikuwa nimesimama nje ya chumba yangu. Hakukuwa na nafasi. Wateja ya Kasereka pia beko ndani. Feresita amepika chai mara nne.

Jumamosi, 6 Septemba

Feresita ametoa hukumu. Kasereka aende na mashini yake, imefika asilimia kumi na nne. Halafu akanigeukia mimi.

"Chumba nimepatia mashini ya zamani," akasema. "Wewe utakuwa unafagia. Ukiigusa tena, nakutoa."

Nimekubali na kichwa. Moyoni nacheka. Nimeshinda! Na nimeelewa kwa nini: kitabu. Kabla ya kitabu, batu kumi na mbili. Baada ya kitabu, chumba imejaa mupaka dirishani. Shida ilikuwa moja tu, maswali ilikuwa kidogo, ndiyo maana walishituka. Nimeongeza, sasa ni kumi na tisa. Leo, nikifagia, nitachukua ile kaseti ya njano niirudishe chini ya meza. Mugulu ya meza inatikisika.